Matatizo ya Kutafsiri Hojaji za Mwili na Afya ya Kijinsia ya Wanaume katika Kiswahili

Utangulizi

Hojaji ni orodha ya maswali yaliyopangwa kwa utaratibu maalumu ili majibu yake yaweze kugeuzwa kuwa tarakimu. Daktari huitumia kama mfanyabiashara atumiavyo mizani: mwenye alama za kiwango fulani huhesabiwa kuwa mzima, na mwenye alama za kiwango kingine huhesabiwa kuwa mgonjwa. Lakini mizani ya chuma haibadiliki ivukapo bahari. Hojaji imeundwa kwa maneno, na kila jamii ina maneno yake, na kila neno lina historia yake, heshima yake na aibu yake.

Katika miaka ya karibuni hojaji nyingi zihusuzo mwili wa mwanamume na afya yake ya kijinsia zimeandikwa katika nchi za Magharibi, kisha zikapelekwa kwa watu wa lugha nyingine. Makala haya yanakusudia kuchunguza matatizo yanayomkabili mtu anayezileta hojaji za namna hiyo katika Kiswahili. Hoja yake kuu ni kwamba tafsiri mbaya ya hojaji haimnyamazishi anayeulizwa. Mtu huulizwa, hujibu, na jibu lake huandikwa kuwa alama. Tarakimu hupatikana kama kawaida, ila hazipimi kilichokusudiwa kupimwa. Kosa kama hilo aghalabu halionekani katika majedwali ya takwimu, nalo halitagunduliwa ila na mtu aijuaye lugha kwa undani.

Si jambo dogo. Kushindwa kwa uume kusimama huweza kuwa dalili ya kisukari, au ya maradhi ya mishipa ya damu ambayo baadaye huufikia moyo. Mwanamume anayepimwa kwa maswali yasiyoeleweka huenda akarudishwa nyumbani akiwa mgonjwa, au akapewa dawa ilhali hana ugonjwa. Historia ya karibuni ya Kenya inatoa mfano mwingine. Huko Kisumu wanaume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24 walishiriki katika jaribio la kuchunguza iwapo tohara hupunguza uambukizaji wa virusi vya UKIMWI. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007, na mwaka 2008 serikali ikaanza mpango wa tohara ya hiari. Katika mwaka huohuo wa 2008 ilichapishwa ripoti nyingine, iliyoonyesha kwamba waliotahiriwa hawakuwa na matatizo ya kijinsia kuliko wale ambao hawajatahiriwa. Ripoti kama hiyo husimama juu ya maswali waliyoulizwa vijana wale na jinsi walivyoyaelewa. Hapana budi basi wataalamu wa lugha wajiulize ni maneno gani yanayofaa kubeba mzigo wa namna hiyo.

Hojaji mbili na kanuni za kutafsiri

Ili mjadala usiwe wa juu juu, makala haya yatatumia hojaji mbili kuwa mifano. Ya kwanza ni ile ijulikanayo kwa herufi IIEF, iliyochapishwa mwaka 1997 na Raymond Rosen na wenzake. Ina maswali 15 yahusuyo majuma manne yaliyopita, nayo hupima mambo matano mbalimbali: kusimama kwa uume, kufikia upeo wa raha, hamu ya kujamiiana, kuridhika na kujamiiana kwenyewe, na kuridhika na maisha ya kijinsia kwa jumla. Jumla ya alama zake haizidi 75. Ya pili ni kipimo cha hamu ya kuwa na misuli kilichotungwa na McCreary na Sasse mwaka 2000. Hiki nacho kina kauli 15, na anayejibu huchagua kati ya majibu sita, kuanzia "daima" hadi "kamwe".

Kanuni za kutafsiri hojaji zimekwisha kuandikwa na wengi. Mwaka 1970 Richard Brislin alieleza njia ya tafsiri ya kurudisha: mtu mmoja hutafsiri kutoka lugha ya asili, na mwingine ambaye hajayaona maneno ya asili huirudisha tafsiri hiyo katika lugha ya kwanza, kisha matini mbili zikalinganishwa. Mwaka 2000 Beaton na wenzake walipendekeza hatua ndefu zaidi: watafsiri wawili wafanyao kazi mbalimbali, kuziunganisha tafsiri zao, kuzirudisha, baraza la wataalamu ambalo ndani yake mna mtaalamu wa lugha, na mwisho majaribio kwa watu 30 hadi 40. Herdman na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha, mwaka 1998, kwamba ulinganifu kati ya hojaji mbili si wa maana ya maneno peke yake. Kwanza yafaa kuuliza kama dhana yenyewe imo katika jamii ya pili, na kama imegawanywa vilevile.

Swali hilo la mwisho ndilo linaloikabili lugha ya Kiswahili moja kwa moja.

Nguvu za kiume: istilahi moja, mambo mengi

Mswahili akitaka kulitaja tatizo la mwanamume bila kuvunja adabu, usemi ulio karibu zaidi na ulimi wake ni "nguvu za kiume". Usemi huu husikika hospitalini, husomwa katika magazeti, na huandikwa katika matangazo ya waganga yanayobandikwa kwenye nguzo na kuta za miji yetu. Una sifa mbili zinazompendeza mtafsiri: unaeleweka kila mahali, na haumwaibishi yeyote.

Kasoro yake ni upana wake. Mtu asemaye kwamba amepungukiwa na nguvu za kiume huweza kuwa na maana ya kwamba uume wake hausimami. Au kwamba husimama lakini haudumu. Au kwamba humaliza upesi. Au kwamba hana hamu. Au hata kwamba hapati mtoto. Mambo hayo daktari huyatenganisha, kwa kuwa sababu zake ni mbalimbali na tiba zake ni mbalimbali. Hojaji ya mwaka 1997 ilitungwa hasa kwa ajili ya utengano huo. Mtafsiri atumiaye "nguvu za kiume" katika swali la hamu na katika swali la kusimama ameyamwaga maji ya mitungi mitano katika pipa moja, kisha anataka kupima kila mtungi.

La kusikitisha zaidi ni kwamba tafsiri ya kurudisha haiwezi kulifichua kosa hili. Mtafsiri wa pili, aliyesoma vizuri na aliyezoea lugha ya hospitali, akikutana na "nguvu za kiume" atalirudisha kwa neno lilelile la kitabibu lililokuwamo mwanzoni. Matini mbili zitafanana, na baraza litaridhika. Hivyo njia iliyowekwa kuwa mlinzi wa tafsiri yaweza kuwa shahidi wa uongo wake, kwa sababu hulinganisha wanayoyajua watafsiri wawili, wala haimfikii mvuvi wa Lamu wala dereva wa lori wa Mariakani.

Tatizo kama hilo limo pia katika maswali mawili yanayofuatana, moja likiuliza ni mara ngapi mtu alitoa manii, na jingine ni mara ngapi alihisi upeo wa raha, awe ametoa manii au hakutoa. Katika mazungumzo ya kawaida Kiswahili hutosheka na kitenzi kimoja kwa mambo haya mawili: "kumaliza", na kwa lugha ya mitaani "kukojoa". Usemi "kufika kileleni" umeingia kwa njia ya magazeti na redio, na mzee asiyesoma magazeti hayo huweza kuuliza ni kilele cha mlima gani. Hata neno "shahawa" lina historia ya kufundisha: katika Kiarabu asili yake ni tamaa, na katika Kiswahili limekuwa jina la majimaji yatokayo mwilini. Tamaa na tokeo lake zimefungwa katika neno moja. Mwenye kutafsiri asipozifungua kwa maelezo, hakuna atakayemfungulia.

Maneno ya heshima na maneno ya hukumu

Kila lugha ina tasfida, yaani maneno yanayositiri yale ambayo adabu hukataza kutajwa wazi. Katika uwanja huu tasfida za Kiswahili ni nyingi, nazo hazilingani.

Tuchukue jina la kiungo chenyewe. "Mboo" ni neno la Kibantu, lakini leo linahesabiwa kuwa tusi na haliwezi kuandikwa katika hojaji. "Dhakari" limetoka katika Kiarabu. Ni safi, lakini watu wengi wa bara hawalijui. Limebaki "uume", neno linalotumika sana katika vitabu vya afya. Neno hili limeundwa kwa mzizi "-ume" na kiambishi cha dhana "u-", kwa hiyo lina maana mbili: kiungo, na hali ya kuwa mwanamume. Mtu akiulizwa, "Je, umewahi kuwa na wasiwasi juu ya uume wako?", hana njia ya kujua kama anaulizwa habari za mwili wake au habari za uanaume wake mbele ya watu. Maswali hayo mawili hayana jibu moja.

Hatari ni kubwa zaidi kwa neno "hanithi". Kamusi hulieleza kuwa mwanamume asiyeweza kujamiiana, lakini hulieleza vilevile kuwa mwanamume anayelala na wanaume wenzake, na matumizi ya kila siku yamelijaza dharau. Kumuuliza mgonjwa kama ana "uhanithi" ni kumtaka akiri jambo ambalo hakuulizwa. Usemi wa mafumbo, kama vile "jogoo hapandi mtungi", hauna dharau nzito kama hiyo, lakini ni wa mzaha, na mgonjwa aliyekwisha kulia usiku hataki mzaha wa karani asubuhi.

Tendo lenyewe nalo lina majina mengi. "Tendo la ndoa" ndilo usemi wa heshima unaopendwa na viongozi wa dini na walimu. Lakini kijana asiyeoa akiulizwa alishiriki tendo la ndoa mara ngapi, jibu lake la haki ni kwamba hakushiriki hata mara moja, kwa sababu hana ndoa. "Kuzini" ni hukumu. "Ngono" limetumika mno katika kampeni za UKIMWI, hata likapata harufu ya dhambi na maradhi. Mume na mke wengi hawaoni kwamba wao hufanya "ngono". "Kujamiiana" ni neno la darasani, lakini halimhukumu mtu, wala halina masharti ya ndoa. "Jimai" linajulikana sana kwa Waislamu wa pwani waliosoma madrasa, ambao wamezoea kusikia habari za jimai, manii na janaba zikielezwa na mwalimu bila haya yoyote. Hii ni rejesta kamili, iliyo wazi na yenye adabu, nayo imekuwapo kabla ya hojaji yoyote. Lakini ukiipeleka Machakos au Kakamega itahitaji kufasiriwa tena.

Hata neno "tohara" si tupu. Asili yake ni usafi. Katika jamii ambayo kwa desturi haitahiri, kama ilivyokuwa kwa Waluo, kumwuliza mwanamume kama amepata tohara ni kumwambia kwa chini chini kwamba bila hiyo si safi. Wala haifai kushangaa iwapo majibu yatafuata sauti ya neno hilo kuliko hali ya anayejibu.

Mwenzi, wake, na majuma manne

Hojaji ya IIEF huuliza kama mwanamume ameridhika na uhusiano wake wa kijinsia na mwenzi wake. Kiswahili kina "mwenzi", neno zuri lisilobagua jinsia. "Mpenzi" halifai, kwani kwa wengi ni mtu wa nje ya ndoa, na "mchumba" ni wa kabla ya ndoa. Lakini hata "mwenzi" ni umoja. Mwanamume mwenye wake wawili, alalaye kwao kwa zamu, atamjibia yupi? Huenda akajibu kwa wastani, au akamtaja mke mdogo, au akakasirika. Mtafsiri hana ruhusa ya kulibadilisha swali kwa siri, lakini ana wajibu wa kulitangaza tatizo, ili kuwe na maelekezo ya namna moja kwa wote wanaouliza.

Muda wa majuma manne pia una dhana ya maisha ndani yake: kwamba mtu hulala nyumbani kwake. Wafanyakazi wengi wa Nairobi na Mombasa wameacha wake zao mashambani, nao huwaona mwisho wa mwaka au wakati wa mavuno. Katika hojaji hii asiyekuwa na tendo lolote katika muda huo hupata sufuri katika maswali matano ya kwanza. Swali la 15, lihusulo kujiamini, pia limo katika sehemu ya kusimama kwa uume, nalo halitoi zaidi ya alama tano. Basi mwanamume mzima wa afya, anayejiamini kabisa, ambaye mke wake yuko mbali, atapata alama tano kati ya 30, na kwa mujibu wa viwango vilivyowekwa atahesabiwa katika kundi la wagonjwa mahututi wa maradhi haya. Ugonjwa wake ni nauli ya basi. Kasoro hii si ya Kiswahili; imekwisha kulalamikiwa na watafiti wa Magharibi wenyewe. Lakini katika nchi ya wafanyakazi wanaohama yazidi kuwa nzito, na mfasiri makini ndiye anayeweza kuiona mapema, kwa kuwa ndiye wa kwanza kujiuliza mtu wa kawaida atalijibuje swali.

Maumbile, afya na misuli

Tukiiacha afya ya kijinsia na kuingia katika hojaji zinazopima jinsi mwanamume anavyouona mwili wake, twakutana na shida ya namna nyingine. Hapa maneno hayana aibu sana, ila dhana yenyewe haina jina lililokubaliwa. Wengine husema "taswira ya mwili", wengine "sura ya mwili". Kwa mtu wa kawaida sura ni uso, na taswira ni picha. Neno lililo karibu zaidi na maisha yake ni "umbo" au "maumbile".

"Maumbile" lina maana zisizopungua tatu: namna mwili ulivyo, hali ya asili ambayo haibadilishwi, na kwa tasfida, viungo vya siri. Swali, "Je, unaridhika na maumbile yako?", laweza kusikika kwa njia zote tatu. Lakini kuna la ndani zaidi. Kutokana na mzizi "-umb-" yametoka maneno umbo, umbile, kiumbe, na Muumba. Kutokana na mzizi huohuo, kwa mnyambuliko wa kutendua, limetoka "kuumbua", yaani kuharibu umbo la kitu, na kwa maana iliyopanuka, kumfedhehesha mtu hadharani. Kwa msikilizaji mcha Mungu, kuyalaumu maumbile yake ni kumlaumu aliyemuumba. Jibu "naridhika" huweza kuwa tamko la imani, wala lisiwe taarifa ya hisia zake asimamapo mbele ya kioo.

Kitenzi "kuridhika" nacho huchangia. Maana yake huvuka furaha na kuingia katika kukubali, na kukubali ni sifa njema. Mtu asiyeridhika ni mtu wa tamaa. Hojaji za Magharibi zina dhana kwamba kutoridhika ni hisia tu, isiyo na lawama. Kiswahili hakiichukulii hivyo. Kwa hiyo yafaa maswali ya mwili yatumie "kupendezwa" au yaulize tendo: je, katika mwezi huu umewahi kuficha kifua chako kwa kuvaa shati mbele ya wenzako waliovua?

Maneno ya unene na wembamba hayako sawa na yale ya Ulaya. Mtu akinenepa huambiwa "umenawiri", na nchini Kenya neno "afya" lenyewe hutumika kwa unene: "ana afya" maana yake ana mwili. Kitambi kwa wengi kimekuwa alama ya mshahara. Kukonda, kwa upande mwingine, huleta swali la huruma: "Una nini?" Kisha ukaja UKIMWI. Huko Uganda, mwaka 1985, madaktari waliandika habari za ugonjwa ambao wenyeji waliuita kwa jina la Kiingereza "Slim", kwa vile uliwakondesha watu. Tangu hapo wembamba ukawa na shaka juu yake. Mwanamume wa miaka 50 asemaye kwamba anataka kuongeza uzito huenda hafikirii urembo hata kidogo. Anafikiria watu watasema nini.

Kipimo cha McCreary na Sasse kina kauli isemayo kwamba mtu anaona angependeza zaidi kama angeongeza ratili 10 za mwili. Ratili 10 ni kilo nne na nusu. Mtafsiri mwaminifu kwa hesabu ataandika kilo nne na nusu, na msomaji atajiuliza kwa nini nusu. Mtafsiri mwaminifu kwa maana ataandika kilo tano, kwa sababu katika asili namba hiyo ilichaguliwa kwa kuwa ni kamili na ni rahisi. Lakini hata kilo tano hazijamaliza kazi: kilo za nini? Kauli ile inahusu misuli, na Mswahili asikiapo kuongeza kilo husikia kunenepa. "Mwili kujaa" ni usemi unaofaa zaidi, ukifuatwa na "kwa misuli".

Kauli nyingine inahusu kunyanyua vitu vizito ili kujenga misuli. Ikiandikwa, "Mimi huinua vitu vizito na kujenga misuli", hamali wa bandari ya Mombasa na msukuma mkokoteni wa soko la Kongowea watajibu "daima", nao watasema kweli. Alama zao zitawafanya waonekane watu walioshikwa na wasiwasi wa miili yao, ilhali wameshikwa na wasiwasi wa unga wa jioni. "Kunyanyua vyuma" ndilo jina la mazoezi ya kukusudia, na "ili" haiwezi kubadilishwa kwa "na". Vilevile yafaa kujihadhari na "kutunisha misuli", ambao ni usemi wa kutishana na kuonyeshana ubabe. Wanasiasa hutunisha misuli bila kuvua koti.

Sarufi ya majibu

Matatizo hayakomei katika maswali. Ngazi za majibu hudai maneno matano au sita yanayopanda kwa hatua sawa. "Mara kwa mara" baadhi ya watu hulielewa kuwa ni mara nyingi, na wengine kuwa ni mara moja moja. "Pengine" ni labda, na pia ni wakati mwingine. "Kamwe" lahitaji kitenzi cha kukanusha, na likisimama peke yake hukosa pa kushika. Njia salama ni kutumia hesabu: katika kila mara kumi, ilikuwa mara ngapi? Hojaji ya IIEF yenyewe huelekea huko, kwani hueleza majibu yake kwa kutaja nusu ya nyakati, zaidi ya nusu, au chini yake.

Hatari kubwa zaidi imo katika maswali ya kukanusha. Mtu akiulizwa, "Je, hukupata shida?", Mswahili hujibu "Ndiyo", maana yake ni kweli kwamba hakupata. Lakini aliyezoea Kiingereza shuleni huweza kujibu "Hapana", akiwa na maana ileile. Watu wawili wenye hali moja wataandikiwa alama zinazopingana, na hakuna hesabu itakayowapatanisha. Kila swali la kukanusha ligeuzwe kuwa la kukubali kabla ya kutafsiriwa, mradi watunzi wa hojaji wapewe taarifa.

Nani amwulize nani

Hojaji nyingi hudhani kwamba mtu atakaa peke yake na karatasi na kalamu. Mahali ambapo maswali husomwa kwa sauti, lugha hubeba uhusiano wa watu wawili. Kijana aliyemwamkia mzee "shikamoo" amekwisha kujiweka katika nafasi ya mtoto, na mtoto hamwulizi baba yake mambo ya kitandani. Alfred Kinsey, aliyechapisha mwaka 1948 uchunguzi wake juu ya wanaume wa Marekani, alitambua umuhimu wa muulizaji kutumia msamiati wa anayeulizwa. Jamii zetu zilikuwa na elimu kama hiyo. Kungwi aliruhusiwa kusema wazi yale ambayo mzazi hakuyasema. Babu na mjukuu, na watani kwa jumla, waliruhusiwa kutaja yanayositiriwa. Mpangaji wa utafiti anaweza kujifunza hapa: amchague muulizaji kwa umri na jinsia, aanze kwa kuomba radhi ya kusema, na ayataje maneno ya haya kwa sauti ileile anayotumia kutaja mkono na mguu.

Hitimisho

Yafuatayo yanapendekezwa. Kwanza, mtaalamu wa Kiswahili aitwe kabla ya neno la kwanza kutafsiriwa, si baada ya hojaji kupigwa chapa ili atie sahihi yake. Pili, mwanzoni mwa hojaji yawekwe maelezo mafupi ya istilahi, kama ilivyo katika IIEF yenyewe: uume ni kiungo gani, kusimama ni nini, kujamiiana ni nini. Adabu ikishatimizwa hapo, maswali yafuatayo yanaweza kutumia neno moja bila kuyumba. Tatu, tafsiri ya kurudisha isitumiwe kuwa hukumu ya mwisho. Wanaume wachache wa umri na mahali mbalimbali waombwe kulirudia kila swali kwa maneno yao wenyewe kabla ya kulijibu, na maneno hayo yaandikwe. Nne, pasidhaniwe kwamba kuna nakala moja ya Kiswahili itakayofaa Lamu, Eldoret, Dodoma na Lubumbashi bila marekebisho.

Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai. Waliosema hivyo walijua kwamba uchi lazima uonyeshwe mara nyingine, na walijua pia kwamba hauonyeshwi kwa kila mtu wala kwa kila neno. Mwanamume aingiapo katika chumba cha daktari akiwa na tatizo ambalo hajamweleza hata mkewe, anakuwa amekwisha kulishinda jambo gumu. Neno la kwanza atakalokutana nalo katika karatasi litamfanya aendelee kusema au anyamaze. Kulichagua neno hilo ni kazi ya wanaisimu wa Kiswahili, nao wasipoifanya itafanywa na asiyeijua lugha.